Jack Clement, aliyeiacha tepu izunguke

Nyumbani kwetu Nakuru, Jumapili alasiri ilikuwa ya Don Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Baba alikuwa na kanda tatu tu, na moja ilichezwa hadi maandishi yake yakafutika. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari fundi mitambo wa studio, nilitaka kujua ile sauti iliyokaa karibu na sikio namna ile ilianzia wapi. Nikafuata majina nyuma ya majalada ya santuri, hili likinipeleka kwa lile, mpaka nikamfikia Jack Clement, ambaye Marekani walimwita "Cowboy". Tangu hapo, msanii akiniuliza prodyuza hufanya nini hasa ikiwa si yeye anayeimba, humsimulia huyu mzee.

Clement alikulia Memphis, Tennessee, akaingia studio ya Sun ya Sam Phillips mwaka 1956. Pale kila kitu kiliingia kwenye tepu kwa mkupuo mmoja, kwa chaneli moja. Hukuweza kurudi kesho kuongeza gitaa au kuipunguza ngoma. Ukitaka piano isikike zaidi, unasogeza maikrofoni. Hata ule mwangwi mfupi unaojirudia nyuma ya sauti ulitoka kwenye mashine ya pili ya tepu, iliyocheleweshwa kidogo. Fundi alikuwa anamiksi wanamuziki wakiwa bado wanapiga.

Phillips akiwa safarini, alifika kijana wa Louisiana mwenye piano ya fujo, Jerry Lee Lewis. Clement akamrekodi. Katika "Crazy Arms", santuri ya kwanza ya Lewis, utasikia karibu piano na ngoma peke yake, na inatosha. Desemba 4 mwaka huohuo Elvis Presley alipita kusalimia, akamkuta Lewis na Carl Perkins kazini, Johnny Cash naye akawepo, wakaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa raha zao. Hapakuwa na mpango wa kurekodi chochote. Clement akawasha tepu.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha 1957. Siku hiyo walikuwa wanarekodi "It'll Be Me", wimbo alioutunga Clement mwenyewe. Waliurudia, wakaurudia, haukukaa. Wakaamua kupumua kidogo kwa kupiga kitu kingine, Lewis akaivamia "Whole Lotta Shakin' Goin' On", wakaipata mara moja tu. Hiyo ndiyo iliyotikisa Marekani. Wimbo wa Clement ukawekwa upande wa pili wa santuri. Mtunzi anayeketi kwenye mitambo ana kishawishi kikubwa cha kulinda alichokitunga, na mwenzetu huyu hakukilinda.

Mimi niliwahi kuzima mtambo wakati mpiga gitaa alipokuwa "anajipasha tu". Alichopiga dakika ile hakikurudi tena, ingawa tulikitafuta hadi usiku. Siku hizi narekodi tangu mtu anapofungua begi la gitaa.

Clement hakudumu Sun. Alikwenda Beaumont, Texas, akafungua studio na mwenzake, na huko ndiko Johnny Cash alikompigia simu mwaka 1963. Cash alitaka tarumbeta za Kimeksiko kwenye "Ring of Fire", jambo ambalo kwenye kantri ya wakati ule lilikuwa geni kabisa. Clement akaja Nashville, akazipanga. Ziondoe kichwani mwako uone kinachobaki: wimbo mzuri wa mwendo wa kawaida. Hata hivyo kwenye orodha ya maprodyuza wa wimbo ule jina lake halimo.

Wengi watakuambia kilele chake ni Sun. Mimi nasema ni Charley Pride. Huyu alikuwa mchezaji wa besiboli, Mweusi, mzaliwa wa Mississippi, anayeimba kantri, na kampuni hazikutaka kujiingiza. Mwaka 1965 Clement alitoa pesa zake mwenyewe akamrekodi nyimbo za majaribio, kisha akapeleka tepu kwa Chet Atkins, prodyuza wa kampuni ya rekodi ya RCA. Santuri ya kwanza ilipelekwa redioni bila picha ya mwimbaji, watu waisikie kwanza sauti. "Just Between You and Me", uliompandisha Pride hadi kumi bora za kantri, ni utunzi wa Clement. "Kiss an Angel Good Mornin'" ya 1971 ni utayarishaji wake. Sikiliza anavyoviacha vyombo: kila kimoja kina nafasi yake, na hakuna kinachopigana na mwimbaji. Anayejua kutunga anajua ni neno gani la ubeti halipaswi kufunikwa na gitaa.

Na yeye je, kama mwimbaji? Albamu yake ya kwanza, "All I Want to Do in Life", ilitoka 1978 akiwa na miaka 47. Ya pili ikaja 2004. Katikati hapo alikuwa akirekodi wengine, hata bendi ya U2 ya Ireland walipokwenda Sun. Mwaka 2011 moto uliiteketeza nyumba yake ya Nashville, ambayo ndiyo pia ilikuwa studio, na rekodi nyingi zikaungua. Alifariki Agosti 2013, miezi michache baada ya kutangazwa kwamba ataingizwa kwenye Jumba la Heshima la muziki wa kantri.

Kuhusu kanda ya baba: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Clement alianzisha lebo ndogo, JMI, na humo Don Williams akatoa nyimbo zake za kwanza za kantri, zikitayarishwa na Allen Reynolds, mtu wa Clement tangu Memphis. Lebo haikudumu, Williams akahamia kampuni kubwa, na nyimbo zikafika hadi Nakuru. Tafuta "The Shelter of Your Eyes" ya 1972, uisikilize kwa spika moja, sauti chini. Mwimbaji yuko mbele kabisa, na gitaa limesogea nyuma likimsubiri amalize neno.