Kutoa upepo kwenye breki za gari la zamani bila kukanyaga pedali

Wengi wanaoniletea magari hapa Moshi husema breki zimeingia upepo, hata pale ambapo upepo haupo. Kwa hiyo kabla sijashika spana huketi kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedali mara mbili tatu kwa haraka. Iwapo ilikuwa chini ikapanda na kuwa ngumu, mara nyingi viatu vya breki za nyuma vimelika au vimekaa mbali na dramu, na kutoa upepo hakutabadilisha chochote. Iwapo inashuka polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mafuta yanayovuja nje, raba za masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa, zimechoka. Pedali inayobonyea kama sponji ndiyo yenye upepo, nayo ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Njia tuliyoizoea ni ya watu wawili, mmoja akikanyaga huku mwenzake akifungua na kufunga skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu. Kwa gari jipya haina ubaya mkubwa. Kwa gari la miaka 25 au 30 ina hasara isiyoonekana: katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda husafiri sehemu fupi tu, na sehemu isiyofikiwa hukusanya kutu na uchafu. Pedali inapokanyagwa hadi sakafuni skrubu ikiwa wazi, raba hupelekwa juu ya kutu hiyo na kuchanika. Ndivyo nilivyoiharibu Corolla yangu mwenyewe ya mwaka 1993. Jioni niliiacha pedali ikiwa ngumu kama jiwe, na kesho yake nikishuka kutoka Kibosho na mikungu ya ndizi nyuma, ikazama taratibu hadi karibu na sakafu, nami nikafika mjini kwa gia ya kwanza na breki ya mkono. Anayelazimika kutumia njia hiyo aweke kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho.

Njia ninayoipendelea ni kusukuma mafuta kwa presha kutoka juu, kwenye kikopo cha mafuta ya breki kilicho juu ya masta silinda, ili pedali isiguswe kabisa. Hahitajiki msaidizi, na kwa kuwa mfumo mzima unasukumwa kwa ndani, hewa haivutwi kupitia nyuzi za skrubu kama inavyotokea kwa pampu ya kunyonya. Chanzo cha presha ni tairi la akiba. Lipunguze hadi presha 15, yaani takriban nusu ya ile ya barabarani, na usivuke 20 kwa sababu kikopo cha plastiki kilichozeeka kinaweza kupasuka au kuchomoka kwenye masta. Uzuri wa tairi ni kwamba haliwezi kutoa presha inayozidi iliyomo, tofauti na kompresa ya fundi pancha.

Tafuta mfuniko wa pili wa kikopo kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, utoboe tundu la milimita 11 na nusu, kisha uvute humo vali ya tairi lisilo na tyubu, baada ya kuitoa sindano yake ya ndani. Mpira wa pampu ya mguu wenye kichwa kila upande huunganisha vali hiyo na tairi. Kama mfuniko una tundu la kupumulia, lizibe. Wapo wanaotumia bomba dogo la kunyunyizia kahawa. Mimi silikubali isipokuwa likiwa jipya kabisa, maana mabaki ya mrututu au dawa nyingine hayana nafasi ndani ya breki.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu kama wa kutoka Marangu, breki zikipata moto, mafuta ya namna hiyo huchemka na kutoa mvuke, nao hubonyea kama upepo. Kwa hiyo nyonya mafuta meusi yaliyomo kikoponi kwa bomba la sindano na ujaze mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa.

Inua gari, liweke juu ya stendi na uzuie magurudumu yanayobaki chini. Safisha skrubu kwa brashi ya waya, kwani udongo wetu mwekundu hukauka ndani ya tundu na kuliziba, kisha uipake mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Tumia spana ringi, kamwe si ya mdomo wazi. Skrubu ikikataa, igonge kidogo na usubiri. Ikikatika, utabadilisha kalipa au silinda ya gurudumu.

Kwa kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine. Maelezo mengi ya nje hutaja la nyuma kulia, lakini usukani wetu na masta viko kulia, hivyo lililo mbali ni la nyuma kushoto. Vika skrubu mpira unaoonyesha ndani, tumbukiza ncha yake kwenye chupa yenye mafuta kidogo, funga mfuniko wa presha, fungua skrubu nusu mzunguko na uangalie hadi mapovu yaishe na rangi ing'ae. Baada ya kila gurudumu funga skrubu, toa presha yote ndipo ufungue mfuniko na kuongeza mafuta. Vikopo vingi vina ukuta katikati, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuonekana umejaa huku mwingine ukikaribia kukauka.

Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari yaoshe mara moja kwa maji. Ya zamani usiyamwage kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, maji hayo yanakwenda migombani. Kanyaga pedali kwa nguvu injini ikiwa inawaka, kagua kila skrubu kwa karatasi kavu, kisha jaribu polepole mahali tambarare kabla ya kupanda mlima. Na tairi la akiba lirudishiwe presha yake siku hiyohiyo.