Mujin-eki: stesheni isiyo na mtu maana yake nini?

Mujin-eki ni neno la Kijapani lenye vipande vitatu: mu ni "hakuna", jin ni "mtu", na eki ni stesheni. Ukilitafsiri kavukavu unapata "stesheni isiyo na mtu", na hapo ndipo wengi hupotea wakidhani ni mahame ya reli. Sivyo. Treni husimama kama ratiba inavyosema, abiria wanapanda na kushuka. Asiyekuwepo ni mfanyakazi wa reli: hakuna mkata tiketi dirishani, hakuna mkaguzi mlangoni, hakuna stesheni masta. Japani ina stesheni zipatazo 9,500, na karibu nusu yake ziko hivyo.

Ili kuielewa dhana hii, usiulize watu wamekwenda wapi. Uliza kazi zao zimekwenda wapi.

Kazi ya kukusanya nauli imeingia ndani ya treni. Njia ndogo za mashambani huwa na treni ya behewa moja au mawili, na dereva yuko peke yake. Wajapani wanaiita wanman, treni ya mtu mmoja. Kwa kawaida unapandia mlango wa nyuma. Hapo mlangoni kuna kimashine kinachotoa kikaratasi chenye namba, kiitwacho seiriken. Kichukue ukitunze, maana ndicho ushahidi wa ulikopandia. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao unaoonyesha namba zote na nauli chini ya kila namba, na nauli hizo hupanda kadiri treni inavyozipita stesheni. Ukikaribia kushuka unaitazama namba yako, unahesabu sarafu, unasogea mbele na kutumbukiza kikaratasi na pesa kwenye sanduku lililo kando ya dereva. Yeye hutupia jicho tu na kukushukuru. Usitegemee chenji: kama una noti, ivunje kwanza kwenye mashine iliyo palepale kwenye sanduku, kisha ulipe kiasi kamili. Aliyezoea daladala atamwelewa mtu huyu mara moja, ni dereva na konda katika kiti kimoja, ila hapigi debe.

Kazi ya usalama ilihamia mbali zaidi. Zamani, pale ambapo treni za kwenda na za kurudi hutumia njia ileile moja, dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia mpaka akabidhiwe kisahani cha chuma, kimetiwa kwenye mkoba wenye pete kubwa ya kushikia. Kisahani kikiwa mkononi mwako, hakuna treni nyingine itakayokuja kukukabili. Kwa hiyo kila stesheni ya kupishana ilihitaji watu wa kuvitoa na kuvipokea. Zilipokuja taa na mitambo ya kugeuza njia inayoongozwa kutoka chumba kimoja mjini, watu hao wakawa hawana la kufanya. Mizigo nayo ilikuwa imehamia kwenye malori, na mwaka 1984 shirika la reli la taifa likaachana na mtindo wa zamani wa kukusanya mabehewa ya mizigo kutoka stesheni moja hadi nyingine. Shirika lenyewe lilikuwa limezama kwenye madeni; tarehe 1 Aprili 1987 likagawanywa kuwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo.

Stesheni ya Doai, mkoa wa Gunma, iliondolewa wafanyakazi mwaka 1985. Jukwaa lake moja limo ndani ya handaki, na ukishuka hapo unapanda ngazi 486 hadi mlango wa kutokea, bila mtu wa kukupa pole. Huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, baadhi ya stesheni hazina hata jengo: walichukua behewa kuukuu la treni ya mizigo, wakalitoa magurudumu, wakaliweka kando ya reli liwe chumba cha kusubiria. Watu huyaita daruma, kwa jina la yule mwanasesere wa Kijapani asiye na miguu.

Usafi na bustani mara nyingi hubaki mikononi mwa wanakijiji. Katika vyumba vingi vya kusubiria utakuta daftari na kalamu, wapita njia waandike walitoka wapi na mvua iliwakuta vipi. Kishi, mkoa wa Wakayama, walikwenda mbali kuliko wote. Stesheni ilibaki bila mfanyakazi mwaka 2006; Januari 2007 kampuni ikamteua Tama, paka wa duka la jirani, kuwa stesheni masta, akavishwa na kofia ya cheo. Watalii wakamiminika mpaka alipokufa mwaka 2015, na paka mwingine akarithi kiti.

Usichanganye mujin-eki na hikyo-eki, yaani stesheni iliyojificha porini. Koboro, huko Hokkaido, iko kati ya mahandaki mawili na haina barabara ya gari; tangu 2016 mji wa Toyoura ndio unaogharimia matunzo yake, kwa sababu wageni huja kuishangaa. Mujin-eki nyingi hazina maajabu hayo. Ziko jirani na nyumba na mashamba ya mpunga, na wanafunzi hushukia hapo kila jioni.

Kazi moja, kwa maoni yangu, haikupata pa kwenda: kumsaidia abiria asiyeweza kupanda mwenyewe. Mwaka 2020 watu wenye ulemavu wa mkoa wa Oita waliishtaki kampuni ya JR Kyushu kwa sababu ya stesheni zilizoondolewa wafanyakazi. Palipo na mfanyakazi, yeye ndiye huleta ubao wa kuvukia kutoka jukwaani hadi mlango wa treni. Pasipo na mtu, mwenye kiti cha magurudumu hulazimika kupiga simu mapema na kutaja treni atakayopanda na stesheni atakayoshukia, ili mtu atumwe kutoka kwingine na ubao wake.