Kwa nini mtaalamu wa kigeni Zanzibar huhitaji vibali viwili?

Shuka boti ya Dar es Salaam pale bandarini Malindi, Unguja, utawakuta wageni wamepanga foleni kwenye meza ya Uhamiaji, pasi mkononi, ilhali hawajatoka nje ya Tanzania. Kwa aliyekuja kufanya kazi, foleni ile ni mwanzo tu.

Tuseme mwalimu wa kuzamia anafanya kazi Mafia, kisiwa kilicho upande wa Bara. Kibali chake cha kazi bado hakijaisha, na hoteli ya Nungwi, huku Unguja, inamtaka. Je, ahamie na karatasi ile ile? Hapana. Kibali kile kimetoka chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara tu. Huku Visiwani iko Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Mwajiri itambidi amwombee kibali kipya Zanzibar.

Sababu iko kwenye Muungano wenyewe. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964 hazikuchanganya kila kitu. Mambo ya Muungano yaliorodheshwa: yalianza 11, leo ni 22. Fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, utaona uraia ni jambo la 6 na uhamiaji la 7. Kazi na ajira kwa jumla zitafute mpaka uchoke, hazimo. Ndiyo maana kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, chombo cha Muungano, na mwajiriwa huangukia daraja B. Lakini kibali cha kazi ni cha Zanzibar yenyewe. Cha kwanza kinamruhusu kuishi, cha pili kinamruhusu kufanya kazi. Ile "viza ya kazi" tunayoitaja barazani tunaichanganya tu, maana viza ni ya kuingilia nchini.

Kwangu mimi kibali cha kazi ndicho chenye uzito, kwa sababu hapo ndipo linapoulizwa swali la haki: kweli hakuna mwenyeji anayeiweza kazi hii? Kijana wa Nungwi amekulia baharini. Anaijua kusi na kaskazi, anajua mwamba uko wapi maji yakipwa. Anachokosa ni cheti cha kufundisha kuzamia kwa mtungi. Mgeni akimweka karibu, akamwonyesha kusoma geji ya hewa, na kupanda juu pole pole ili mapovu yasimjae mwilini, basi siku mgeni anaondoka kazi inabaki kijijini.

Kwa hivyo ninaposikia kibali cha kazi ile ile kinaombwa tena, na kijana yule bado yuko ufukweni anapakia mitungi kwenye boti, nataka kujua huo muda wote nani alikuwa anafundishwa.