Diski ya injini ikiagizwa itoke inatoka, hata kama ndege inaruka vizuri

Malalamiko ya safari kufutwa yamekuwa mengi na swali ni lilelile, ndege juzi imetua salama, injini inaunguruma safi kabisa, sasa mbona inaegeshwa miezi na miezi? Wengine wanasema ni hujuma za kibiashara. Hapana jamani, hili tumelieleza sana.

Chukua injini za PW1100G za Pratt & Whitney zinazofungwa kwenye Airbus A320neo. Julai 2023 ilitangazwa kwamba unga wa metali uliotengenezea baadhi ya diski zake (sahani nene zinazozunguka ndani ya injini zikiwa zimeshika mapanga yake), kuanzia mwishoni mwa 2015 mpaka 2021, ulikuwa na uchafu. Ni chembe tu, ila ndo ufa unapoanzia, na diski ya tabo (sehemu ya injini inayozungushwa na gesi ya moto) inazunguka kwa kasi kubwa kwenye joto kali hivyo kila ndege ikiruka na kutua ufa unazidi kukua. Agosti FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikatoa agizo la lazima, diski za tabo zipimwe kwa mawimbi ya sauti, yenye ufa itolewe. Kampuni yenyewe ikakadiria injini 600 hadi 700 za ziada zishushwe kati ya 2023 na 2026, na kila moja ikae siku 250 mpaka 300 ndo irudi kwenye bawa. Spea na nafasi karakana hazitoshi, foleni inatoka hapo.

Halafu kuna wanaosema diski ikipasuka kava la injini litazuia vipande. Kava linapimwa kuzuia panga moja likikatika, diski haizuiliki! Oktoba 2016, uwanja wa O'Hare, Chicago, Boeing 767 ya American Airlines ikiwa inakimbia iruke, diski ya tabo ikapasuka (injini ya kampuni nyingine hiyo), kipande kikaruka karibu mita 900 kikatoboa ghala, ndege ikashika moto. Watu 170 waliokuwemo wote walitoka hai. Kasoro ilikuwa ndani ya chuma, huwezi kuiona kwa macho wala kuisikia kwenye mlio, kwa hiyo tafadhali hoja ya "inaunguruma vizuri" tuiache.

Kisheria: nchi iliyosanifu injini inatoa agizo, nchi iliyosajili ndege inalichukua au inalitathmini na kuchukua hatua, huo ndo utaratibu wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Kwa Marekani, kurusha ndege bila kutekeleza agizo ni kosa, na kila safari inahesabika kosa jipya, ukienda na kurudi hayo makosa mawili. Shirika likiwa na njia mbadala linaomba idhini kwanza. Ndege ikiwa mbali na karakana inaweza kuombewa kibali maalumu iruke mpaka huko, na agizo lenyewe linaweza kukataza hata hilo.

Na diski yenye ufa haichomelewi, nimeulizwa hili na watu wazima. Inawekewa alama, inatengwa, inakatwa isifae tena kufungwa kwenye ndege yoyote, na kumbukumbu zake zinaandikwa.