Imani Hutangulia Amri: Malezi ya Mtoto wa Kiislamu Kando ya Ziwa

Ikifika saa kumi alasiri, vichochoro vya Kirumba, Igogo na Mabatini jijini Mwanza hupitwa na watoto waliovaa kanzu juu ya kaptula za shule na mabinti waliojifunga hijabu, juzuu zikiwa kwapani, wakiwahi madrasa kabla ustadhi hajaanza kuita majina. Mzazi wa Kiislamu akiwaona hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Hata hivyo, katika miaka ambayo kitengo chetu cha malezi kimekuwa kikikutana na wazazi wa jiji hili na wa visiwani, tumebaini kwamba wengi hudhani kazi ya kumjenga mtoto kiimani imekwisha pale ada ya madrasa inapolipwa, ilhali ustadhi hukaa na mtoto kwa saa mbili tu na saa zilizobaki ni za nyumbani.

Nitatoa mfano unaonihusu mwenyewe. Miezi michache baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, na kuua watu zaidi ya 200, nilikuwa nikimsikiliza mvulana wa miaka 9 akisoma alichohifadhi. Aliisoma Suratul Mulk, aya zote 30, bila kukwama hata mahali pamoja. Alipomaliza hakuinuka. Akauliza: "Ustadhi, siku ile babu anazama, Mungu alikuwa anamwona?" Nilimjibu kwamba maswali ya namna hiyo si ya watoto, nikamwita anayefuata. Kijana aliendelea kuhudhuria na kuhifadhi vizuri, ila hakuniuliza tena kitu chochote.

Kinachonisuta hadi leo ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya sura ileile aliyotoka kuisoma. Aya ya 2 inasema kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mauti na uhai ili atujaribu. Aya ya 14 inauliza vipi asijue Yule aliyeumba. Na aya ya 19, baada ya kutaja ndege wanaokunjua na kukunja mbawa zao angani, inamalizia kwa kusema kwamba Yeye ni Mwenye kuona kila kitu. Juu ya hayo ipo hadithi iliyopokewa na maimamu wa hadithi, Bukhari na Muslim, ambayo kila mzazi wa kando ya ziwa hili angepaswa kuijua: Mtume (s.a.w.) alimhesabu Muislamu anayekufa maji miongoni mwa mashahidi. Mtoto yule alibeba jibu kifuani kwa herufi zake zote na hakuna mtu mzima aliyemfungulia, na mtu mzima aliyekuwa mbele yake ni mimi.

Wema waliotangulia hawakulea hivyo. Jundub bin Abdillah (r.a.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, kwamba walipokuwa vijana wanaokaribia balehe pamoja na Mtume (s.a.w.), walijifunza imani kabla ya kujifunza Qur'ani, kisha wakajifunza Qur'ani na ikawazidishia imani. Bibi Aisha (r.a.) naye, katika mapokezi ya Bukhari, ameeleza kwamba sura za mwanzo zilitaja Pepo na Moto, na watu walipotulia ndani ya Uislamu ndipo zikashuka hukumu za halali na haramu, akaongeza kwamba lau jambo la kwanza kushuka lingekuwa kuwakataza pombe, wangesema hawaiachi abadani. Nyumba zetu nyingi hufuata mpangilio wa kinyume. Neno la kwanza la dini analolisikia mtoto ni "haramu", na sifa ya kwanza ya Mola wake anayoijua ni kwamba anachoma.

Kumpa mtoto imani hakuhitaji mimbari. Umar bin Abi Salama (r.a.) alipokuwa mdogo mkono wake ukizunguka ovyo kwenye sinia, Mtume (s.a.w.) hakumfukuza, alimwambia ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake, na Umar akasema kwamba huo ndio ukawa ulaji wake tangu siku ile. Somo lilitolewa chakula kikiwa mezani, likadumu maisha yote. Huku kwetu nafasi za aina hiyo ni nyingi. Mama aliyeanika dagaa tangu asubuhi, akaona wingu linapanda kutoka ziwani na mvua ikamkuta hajakusanya hata nusu, anatazamwa na binti yake anayemsaidia kubeba ndoo. Maneno yatakayomtoka mama huyo kabla hajafuta uso ndiyo somo la kadari, yaani majaaliwa ya Mungu, atakalolikumbuka binti. Akisema "Inna lillahi", akatafuta turubai, kisha jioni wakazungumza kwa nini Mola hutoa na huzuia, hakuna darasa la tawhidi, yaani la kumpwekesha Mungu, litakalolipita somo hilo.

Sala pia ina njia yake ya kulelewa, na hapa wazazi wengi huruka hatua. Hadithi aliyoipokea Abu Daud inaagiza watoto waamrishwe kusali wakiwa na miaka 7, na adhabu haikutajwa hadi miaka 10. Kati ya umri huo na ule ipo miaka 3, ambayo kwa hesabu ya mwezi mwandamo ni takriban siku 1,060. Kwa sala 5 kila siku, mzazi ana nafasi zaidi ya 5,000 za kukumbusha kwa upole, kumsubiri mtoto atawadhe na kusimama naye safu moja. Hata hiyo adhabu ya miaka 10 wanazuoni wameiwekea mipaka: isijeruhi, isiguse uso, isitokane na hasira. Anayeanza na fimbo bila ya zile 5,000 hana hoja katika hadithi hii. Tena sisi tumerahisishiwa, kwa kuwa tupo karibu na ikweta na saa za sala hazisogei sana mwaka mzima. Magharibi ya Mwanza huingia karibu na saa moja ya jioni miezi yote, hivyo nyumba inaweza kujiwekea desturi ya kuzima televisheni na kukaa pamoja kuanzia hapo hadi Isha, na desturi hiyo isivurugwe na majira.

Mtoto akishabalehe, mambo hubadilika. Simu inampa kwa dakika moja video za mahubiri, za ngono, za wanaokanusha kuwepo kwa Mungu, na matangazo ya kubeti. Kisheria mchezo wa kubahatisha ni wa aliyetimiza miaka 18, lakini kijana wa kidato cha pili hutumia laini ya kaka yake, na nimewahi kumsikia mmoja kwenye ngazi za msikiti akilalamika kwamba mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, umechanika kwa mechi moja. Baba alipopewa habari alitaka kuivunja simu. Tulimshauri kwanza amsomee kijana aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida, ambamo kamari imetajwa pamoja na ulevi na sababu ya kukatazwa imeelezwa: shetani anataka kuwatia watu uadui na chuki, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Kisha wakakaa wawili, wakapiga hesabu ya fedha zilizokwenda tangu mwanzo wa muhula. Simu yenyewe haikuvunjwa. Ilihamishiwa sebuleni baada ya Isha.

Ushauri huo tumeuchota kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, kijana alimjia akaomba aruhusiwe kuzini. Waliokuwepo walimkemea, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, na kwa kila mmoja kijana akajibu hapana. Ndipo akaweka mkono juu yake na kumuombea dua. Ni vigumu kufikiria swali zito kuliko lile, na halikufungiwa mlango.

Akina baba wavuvi hutuambia kwamba wao hawana muda wa mazungumzo kama hayo. Udhuru wao una ukweli nusu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa huifuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu. Kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika na baba hulala nyumbani. Siku hizo hukutana na tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, ambazo ni sunna kufunga. Baba mmoja wa kisiwani tuliyemshauri hufunga siku hizo tatu pamoja na mwanawe mkubwa, wakasubiri Magharibi pwani, juu ya mtumbwi uliopinduliwa kwa matengenezo, na hapo hapo kijana huuliza yaliyomkaa moyoni kwa mwezi mzima.

Mengine baba hayajui, na huwa anasema hayajui. Anachokiangalia ni ahadi inayofuata neno hilo. Abdullah bin Amir (r.a.) amesimulia kwamba mama yake alimwita akiwa mtoto, akisema njoo nikupe, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza mama alikusudia kumpa nini. Mama akajibu tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Kwa hiyo baba yule akisema "twende tukamuulize ustadhi", hupanda boti pamoja na mwanawe. Mara ya mwisho walifika kwetu asubuhi ya Jumamosi, kijana akatoa kipande cha daftari mfukoni chenye maswali manne, na la tatu lilikuwa kuhusu waliokufa maji. Safari hii sikumwita anayefuata.