Kujaribu programu si kubofyabofya tu

Hapa Lamu vijana wengi wameaminishwa kwamba kujaribu programu ni kazi ya aliyeshindwa kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta: unabofya vitufe, hakuna kilichokwama, umemaliza. Sivyo kabisa.

Chukua programu ya kukatia tiketi za boti kutoka Mokowe hadi Lamu. Tuseme boti inabeba abiria 20. Mbofyaji atakata tiketi tano, aone sawa, aende zake kunywa kahawa. Fundi ataanza na ya 20, kisha ya 21, kisha aombe tiketi 0, maana makosa hupenda kujificha mipakani. Halafu ataandika jina Ng'ang'a. Ile alama ndogo baada ya g imeshaangusha programu nyingi, kwa sababu hifadhidata, yaani ghala la taarifa za programu, huweza kuidhania ni mwisho wa maneno. Na saa je? Abiria anasema saa mbili asubuhi, anaandika 2:00, na programu inamkatia safari ya saa nane usiku, nahodha akiwa usingizini. (Hili vitabu vya Ulaya havikufundishi.)

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, alishaeleza kwamba majaribio huonyesha makosa yapo. Hayathibitishi kwamba hayapo.

Ukitaka kunolewa, shika programu moja unayoitumia kila siku. Kabla ya kubofya, andika unachotarajia. Kisha ulichokiona, na hatua ulizopita, ili mwenzako aweze kulirudia kosa lile lile. Mimi natumia daftari la shule, lenye madoa ya mchuzi.