Kupaka Chuma Kwenye Sanamu Ndogo: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kwa wanaopaka rangi sanamu ndogo za askari, ziwe zile za milimita 28 za michezo ya mezani au za milimita 75 za kuweka kabatini, hakuna kinachobishaniwa kama deraya (mavazi ya chuma ya vitani) na panga: vipakwe vipi hata vionekane ni chuma halisi. Mengi yanayosemwa si kweli, na anayeumia ni anayeanza: hununua vichupa vya bei kubwa, kisha upanga wake ukabaki kijivu tu.

“Bila rangi yenye vimeta hupati chuma.” Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na jibu lake ni la zamani. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti wa Italia aliwakosoa wachoraji waliobandika dhahabu halisi kwenye picha. Kwake, sifa ilimstahili anayeuonyesha mng'ao wa dhahabu kwa rangi za kawaida. Sanamu nazo ni hivyo hivyo. Chuma kilichosuguliwa vizuri kinaonyesha kile kilicho mbele yake. Toka nje na kijiko cha chuma cha pua, ukiinue usawa wa macho, mgongo wake ukikuelekea. Juu kumejaa weupe wa anga. Katikati unapita mstari wa giza, ndiyo miti na nyumba. Chini inarudi rangi hafifu ya udongo. Angalia jinsi weupe na giza vinavyopakana ghafla, bila kufifia taratibu. Sasa ihamishie picha hiyo kwenye kofia ya askari wako: kijivu chenye ubuluu juu, mstari ulio karibu na weusi, kahawia chini, na nukta ya nyeupe tupu pale mwanga unapopiga. Jicho litaona chuma, ingawa hakuna hata kimeta kimoja.

“Ukishapaka rangi ya fedha, umemaliza.” Vimeta ni vipande vidogo mno vya alumini au maika, na ni kweli vinarudisha mwanga wa chumbani. Lakini kofia yenye ukubwa wa punje ya kunde haina mzingo wa kutosha kujitengenezea kivuli kinachoonekana. Kivuli lazima ukipake wewe. Rangi nyeusi au kahawia isiyong'aa, iliyozimuliwa, ikitulia kwenye mikunjo na sehemu za chini huzima vimeta pasipostahili mwanga, kisha fedha angavu zaidi hupita kwenye kingo. Wapo wanaouita huu uvivu. Mimi naona ni ufundi kamili, na kwa jeshi zima la sanamu sioni njia bora zaidi. Ila tikisa kichupa kila mara, maana vimeta huzama, na maji ya kuoshea brashi hiyo yakae peke yake, la sivyo nyuso za askari wako nazo zitametameta.

“Dhahabu ni njano.” Njano tupu inakupa plastiki. Anza na kahawia yenye wekundu kwenye kivuli, ufuate rangi ya udongo wa njano, halafu rangi ya pembe ya ndovu, na nyeupe kidogo kabisa mwishoni.

“Kutu huleta uhalisia.” Huleta ikiwa mahali pake. Kutu ni ya chuma na feleji peke yake. Shaba huota ukijani, fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, na dhahabu haibadiliki. Hata kwenye chuma, kutu hukaa pale maji yanapotuama, kwenye maungio na kuzunguka ribiti. Makali ya upanga unaonolewa na kupakwa mafuta hayawezi kuwa na rangi ya chungwa.

“Vanishi ni vanishi.” Vanishi isiyong'aa hufifisha vimeta, kwa hiyo ipake sanamu nzima kwanza, ndipo urudie kingo za chuma kwa fedha au uzipitie kwa vanishi inayong'aa. Kwa chuma kilichopakwa kwa rangi za kawaida mambo ni kinyume: hapo vanishi isiyong'aa ndiyo inayofaa, maana mng'ao wa taa ya chumbani ukitua juu yake hugombana na mwanga uliouchora.